Mdomo wa Mpira Ndani ya Pipa

Songea, 12 Mei 1905

Dada Mwamvua, shikamoo.

Naomba karatasi hii ikukute huko Tunduru ukiwa na afya, wewe na shemeji, na watoto wote wa chuo chako, hata wale wanaosinzia juu ya juzuu. Sisi hapa hatujambo. Zena ana mimba ya miezi sita na amekuwa mkali kama wewe. Jana alinifukuza jikoni kwa kosa la kupumua.

Kazi yangu ya maji inaendelea. Uliniuliza ni kazi gani hasa, maana huko watu wanakuambia mdogo wako amekuwa mzungu. Hapana, dada. Kuna chemchemi kwenye mlima Matogoro. Kutoka pale limeteremshwa bomba la chuma. Likifika chini linapita kwanza kwenye uwanja wa ngozi wa mfanyabiashara mmoja, kisha sokoni, kisha kwa askari. Mji wote unakunywa bomba hilo moja. Mimi ndiye ninayefunga na kufungua. Kila Ijumaa asubuhi napanda mlimani, nafunga koki ya juu, natoa majani na matope, halafu nafungua tena kabla ya sala. Nikisinzia, mji mzima una kiu. Basi nalala jicho moja.

Sasa neno lililonifanya niandike. Pale uwanjani wanaroweka ngozi ndani ya mapipa makubwa na kutia unga mweupe ili wadudu wasizile njiani. Maji ya mapipa wanayavuta kwa mpira uliofungwa kwenye bomba letu. Mpira ukining'inia juu ya pipa, maji yanaruka na kutudondokea, mimi na Hamisi, msimamizi wa mapipa. Nyingi ya ngozi hizo ni za nyamafu. Nguo zangu zinaingia najisi kila siku, na wakati wa sala nakuwa mtu wa kubadili kanzu kama bwana harusi. Yuko kijana wa Kingoni, Gaspari, Mkristo, ambaye kazi yake ni kukoroga ule unga. Yeye anatucheka: "Tone moja tu, Mwalimu Swalehe, litakuzuia kuingia peponi?" Wewe umesoma kuliko mimi. Nifanyeje?

Mdogo wako,
Swalehe


Tunduru, 9 Juni 1905

Kwa Swalehe, mdogo wangu ninayempenda na ambaye bado hajajua kufunga kilemba.

Marahaba. Hatujambo sote. Mtama umetoka vizuri na shemeji yako amenenepa. Mwambie Zena asibebe ndoo. Mwambie kwamba nimesema mimi, kwa sababu najua wewe hakusikilizi.

Swali lako ni jepesi hata nikaona aibu kulisoma mbele ya watu. Ngozi ya nyamafu ni najisi mpaka itengenezwe, na tone lake ni najisi. Hilo umelijua vyema. Lakini kwa nini mnaacha maji yadondoke kutoka juu? Umewahi kuniona mimi nikijaza mtungi kwa kumwaga kutoka kichwani? Zamisheni mdomo wa mpira ndani ya pipa, mpaka chini. Maji yataingia kimya kimya, halitaruka hata tone moja, na mtasali kwa nguo zenu. Waagize wote wafanye hivyo kila siku, wasiutoe. Asiyesikia la mkuu, unajua kinachompata.

Mtoto akizaliwa niletee jina lake haraka. Nataka kumwombea dua kwa jina.

Dada yako,
Mwamvua


Songea, 27 Agosti 1905

Dada yangu, shikamoo. Salamu kwa shemeji na wote walio nyumbani.

Shauri lako lilifanya kazi. Tangu Julai mdomo wa mpira unalala chini ya pipa mchana na usiku, na nguo zetu ni kavu. Hamisi anakuombea kila sala.

Zena alijifungua Jumamosi ya tarehe kumi na mbili, mtoto wa kiume. Zena hajambo.

Huku kuna habari za vita kutoka pwani. Wanasema upande wa Kilwa watu wameinuka, na wazungu wa hapa wameanza kutembea na bunduki hata wakienda chooni. Watu wetu wanazungumza kwa kunong'ona. Mimi sitaki kujua lolote. Mimi ni mtu wa bomba.

Lakini kuna jambo linanitia hofu zaidi ya bunduki. Watu wa mjini wanaugua. Wanatapika na kuharisha, tumbo linakatika, miguu inawaka moto. Kwanza tulisema ni embe mbichi, lakini embe haziko. Kisha nikahesabu. Wanaugua Ijumaa mchana na Jumamosi. Siku nyingine si sana. Nimepanda mlimani mara tatu kuangalia chemchemi kama kuna mnyama aliyefia ndani. Hakuna. Maji ya pale ni safi hata unaona chini. Sasa yanaharibikia wapi? Bomba ni chuma tupu, na maungio yote nimeyashika kwa mkono wangu.

Tarehe kumi na nane, Ijumaa, watu ishirini waliugua. Wengi wao walikuwa nyumbani kwangu.

Usiniulize sana, dada. Niombee.

Swalehe


Tunduru, 30 Septemba 1905

Mdogo wangu Swalehe, amani iwe juu yako na juu ya nyumba yako.

Barua yako imechukua mwezi mzima. Bakili mchukuzi anasema njia imefungwa mara mbili na amelala porini siku sita. Wangoni nao wameingia vitani, ndivyo tunavyosikia. Nimekaa na barua yako mapajani nikashindwa kusomesha. Watoto walifurahi sana.

Nimempa Bakili kanga mbili za Zena na kofia ndogo ya mtoto niliyoishona mwenyewe. Ni kubwa kidogo, lakini vichwa vya ukoo wetu unavijua.

Jina lake hukuliandika. Umeandika siku, umeandika Jumamosi, ukasahau jina! Na mlimfanyia akika? Kama alizaliwa tarehe kumi na mbili, siku ya saba iliangukia kumi na nane. Ndiyo siku hiyo watu walipougua nyumbani kwako? Nijibu hilo kwa uwazi. Kimya chako kinanitisha kuliko vita.

Kuhusu maji, sijui la kukuambia. Chemsheni. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwambie mzungu anayekusimamia kwamba maji yanaua watu.

Dada yako,
Mwamvua


Songea, 26 Novemba 1905

Dada Mwamvua, shikamoo. Ukiisha kusoma hii, itie motoni. Bakili ataishona ndani ya kofia yake, naye nimemwapisha.

Zena hajambo. Kanga zimefika. Kofia imefika.

Dada, nimejua. Ijumaa ya tarehe tatu nilifunga koki ya juu kama kawaida, nikaacha bomba la sokoni wazi ili matope yatoke. Nikapita uwanja wa ngozi kumsalimu Hamisi. Nikamkuta anazunguka pipa akilaani. Lilikuwa limejaa pomoni alfajiri, na sasa limepungua shibiri mbili, wala hakuna aliyechota. Alidhani limepasuka. Nikainama. Pipa lilikuwa kavu kwa nje. Nikashika mpira, nikausikia unatetemeka kidogo mkononi. Ulikuwa unanyonya, dada. Nikauvuta juu, ukavuta pumzi kwa sauti kama mtu anayetoka majini.

Nilikaa chini pale pale. Nikaelewa yote. Ninapofunga juu, na sokoni wanafungua chini, bomba linajimwaga na kubaki tupu. Likiwa tupu linatafuta cha kunywa. Na mdomo wa mpira umezama ndani ya pipa la sumu, basi linakunywa humo na kuwapelekea watu sokoni. Mpira ungekuwa unaning'inia juu ya pipa kama zamani, lingenyonya upepo tu.

Niliinua mpira, nikaufunga kwenye mti shibiri moja juu ya maji. Nilipogeuka, vijana wa Hamisi walikuwa wameurudisha chini. Wananiambia: "Wewe mwenyewe ulituamrisha, sasa unataka tusali na najisi?" Siwezi kuwaambia sababu. Nikiwaambia leo, kesho iko bomani. Basi nimeacha kufunga koki ya juu. Maji yanatoka machafu ya matope, watu wananung'unika, lakini hawaugui.

Ila nilichelewa. Askari wanane walikuwa wamekwisha kuugua mwishoni mwa Oktoba, na mmoja alikufa. Sasa kwa vita hivi, mtu akifa kwa maji nani atasema ni bahati mbaya? Wamemkamata Gaspari. Ana unga mweupe kwenye kucha, ni Mngoni, na kwao ni Mpitimbi ambako ndugu zake wameingia porini. Wametosheka na hayo. Wanasema alitia sumu kwenye maji ya serikali. Anangoja hukumu, na hukumu za siku hizi ni moja tu. Nimeona miti ikichongwa.

Mama yake, Kunegunda, anatembea kutoka Mpitimbi kumletea chakula. Anapita mlangoni kwangu. Juzi alinishika mkono akasema, "Baba, wewe ni mtu wa maji. Wanakusikiliza. Waambie mwanangu hakorogi maneno ya uongo, anakoroga unga tu." Nikamwambia nitaona. Nitaona nini, dada? Nikisema ni mpira, watauliza nani aliuzamisha. Hamisi na vijana sita watanyoosha kidole. Nitaning'inia mimi badala ya Gaspari, au pamoja naye.

Naogopa. Sijawahi kuogopa hivi. Nikisikia viatu nje naficha mikono yangu, sijui kwa nini mikono.

Niambie la kufanya. Nitangoja jibu lako.

Swalehe


Tunduru, 8 Januari 1906

Mdogo wangu,

Tumepokea. Hatujambo, ila shemeji yako ana kikohozi.

Nyamaza. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Una mke. Hukuua kwa makusudi, na Mungu anajua nia. Umekwisha kuacha kufunga ile koki, basi hakuna atakayeugua tena. Kijana yule ana mapadri wake, watamsemea. Wewe endelea na kazi, inamisha kichwa, vita vitapita. Usiandike tena mambo haya.

Sitakuuliza tena jina la mtoto.

Mwamvua


Tunduru, 12 Januari 1906

Swalehe,

Bakili bado hajaondoka, kwa hiyo hii itakufikia pamoja na ile ya Jumatatu. Ile usiifuate. Aliyeiandika ni woga, mimi nilishika kalamu tu.

Siku nne sikulala. Nilikuwa nikiisoma barua yako tena kabla ya kuitia motoni, nikafika pale uliposema vijana wanakuambia, "Wewe mwenyewe ulituamrisha." Hukuandika nani alikuamrisha wewe. Barua nzima hukuandika. Nilisoma mara tatu nikitafuta jina langu, na kila nilipolikosa niliona haya zaidi.

Ni mimi. Nilijibu swali la maji kana kwamba ni swali la nguo tu. Nilijua najisi, sikujua bomba, na sikusema kwamba sijui. Barua yangu ya Juni unayo? Mpelekee huyo mzungu. Ina mwandiko wangu na tarehe, na kila mtu atakayesomewa ataona kwamba mdomo ulizamishwa kwa ajili ya sala, wala si kwa ajili ya vita. Gaspari hakuijua. Kama kuna wa kuulizwa, waje Tunduru. Nyumba ya mwalimu Mwamvua haina uficho.

Nami naogopa wakija. Lakini mama yake yule kijana anatembea kutoka Mpitimbi.

Na siku ya akika, Swalehe. Maji ya kumchemshia mtoto mliyachota sokoni, siyo?

Mwamvua


Songea, 11 Februari 1906

Dada yangu mpenzi, shikamoo.

Naandika nikiwa nimelala kifudifudi, kwa hiyo usicheke mwandiko. Zena anashikilia wino.

Barua zako mbili zilifika pamoja Jumatano iliyopita. Zilichelewa, nami nashukuru, maana ya kwanza ingenishinda. Ile ya Juni sina. Niliichoma Novemba, kwa kukuogopea wewe na kujiogopea mimi, sijui woga upi ulikuwa mkubwa.

Jumanne ya tarehe thelathini Januari nilikuwa mlangoni. Kunegunda akapita akirudi, chungu chake kichwani, kimejaa. Nikamwuliza mbona mwana hakula. Akasema hawakumruhusu kuingia, wamemwambia asilete tena, si lazima. Hakulia. Akaniuliza kama natumia viazi, akavimimina kwenye sahani yangu ili asirudi na mzigo. Akaenda zake. Dada, vile viazi nilivitazama mpaka Zena akaviondoa.

Kesho yake nilikwenda kwa mzungu msimamizi wa maji. Nikasema yote. Mzungu akacheka. Akasema maji hayapandi nyuma, maji yanateremka. Nikamwambia, bwana, nipe asubuhi ya Ijumaa na udongo mwekundu, nikikudanganya unifunge.

Ijumaa akaja, na wakubwa wawili wa askari, na mkalimani. Tulimwaga sumu yote, tukasugua pipa moja, tukalijaza maji safi, nikakoroga udongo mwekundu mpaka yakawa kama damu ya mchinjo. Mdomo wa mpira nikauzamisha. Mtu akaenda mlimani kufunga koki. Sisi tukashuka sokoni, nikafungua bomba. Maji yakatoka meupe. Yakatoka. Yakapungua, yakawa uzi. Mzungu akatazama saa yake. Nilikuwa nasoma kila aya uliyonifundisha na nyingine nikizichanganya. Kisha bomba likakohoa, na yakaja mekundu.

Wanawake wa sokoni waliokuwa na ndoo walirudi nyuma. Tukapanda tena uwanjani, pipa limepungua shibiri nzima. Nikainua mpira, nikaufunga juu ya pipa mbele yao, tukarudia. Safari hii bomba la sokoni lilitoa upepo tu.

Mzungu akauliza kwa mkalimani, nani aliwafundisha kuzamisha? Nikasema mimi. Akauliza, na wewe nani alikufundisha? Nikasema hakuna.

Walinipa hamsa ishirini, fimbo ishirini na tano, jioni ile ile, kwa uzembe ulioua askari, na kazi nimefukuzwa. Nilihesabu mpaka kumi na moja, nyingine alihesabu Hamisi. Gaspari alitolewa Jumatatu. Amebaki mifupa. Alikuja kunitazama, akasema, "Miezi mitatu, Mwalimu. Ulijua miezi mitatu." Aliondoka na mama yake siku hiyo hiyo. Miti bado imesimama, dada, na gerezani wamejaa wengine. Usiku tunafunga mlango kwa gogo.

Pale uwanjani wameweka chuma cha kushika mpira, shibiri moja juu ya kila pipa, na kimefungwa kwa misumari. Matone yanawarukia. Wanabadili kanzu.

Sasa swali lako. Ndiyo. Tulichota sokoni Ijumaa ile, maji ya kwanza baada ya mimi kufungua, nikasema ndiyo mazuri kwa sababu bomba limetoka kusafishwa. Zena aliyachemsha vizuri. Alimnywesha kwa kijiko. Wageni walikuwa wamekaa wakingoja jina. Alifariki kabla ya alasiri, na hatukuwa tumelitaja.

Zena hajui kwamba ni mpira. Ya askari ameyasikia, lakini ya mtoto wetu anadhani ni jicho la watu. Sijamwambia, na hii haisomi, hajui kusoma. Nimeshindwa, dada. Mbele ya mzungu niliweza.

Swalehe


Tunduru, 15 Machi 1906

Kwa mdogo wangu Swalehe, ambaye sasa nasimama ninapotaja jina lake.

Amani iwe juu yako. Shemeji yako amepona kikohozi na anakusalimu. Chakula kimeanza kuwa haba hata huku, lakini tunakula.

Nilikusanya watoto wa chuo wote, wadogo kwa wakubwa. Nikawaambia, mwalimu wenu aliulizwa jambo, nusu yake aliijua na nusu hakuijua, naye akajibu yote. Watu wakafa. Mmoja akauliza, "Bibi, walikufa wangapi?" Nikamwambia sijui hesabu yote, mmoja wao alikuwa wa siku saba. Tangu siku hiyo wakiniuliza kitu nisichokijua nasema sijui, nao wanashangaa kama wameona ng'ombe akiongea.

Bakili anasema njia itapitika baada ya mvua. Nitakuja kwa miguu na unga kiasi nitakachoweza kubeba. Zena usimwambie wewe. Nitamwambia mimi, nikiwa nimekaa chini mbele yake, na akitaka kunifukuza anifukuze. Sijui nitaanzaje. Njia ni ndefu, labda nitapata maneno. Naliogopa jambo hilo kuliko askari wote wa njiani.

Umesema hakuna aliyekufundisha. Umedanganya serikali kwa ajili yangu, na mgongo wako ukalipa. Nimejaribu kuzigawa zile fimbo katikati, zimekataa. Ishirini na tano haigawanyiki kwa mbili. Basi kwa kuwa mimi ndiye mkubwa, kumi na tatu ni zangu.

Dada yako,
Mwamvua